Mbao za Theluji Hamriya

Mume wangu Sleyum hajaiona theluji hata siku moja, lakini mwaka tisini na nane alileta dukani kwetu Hamriya mbao pana za kutelezea thelujini, akaziegemeza kwenye friza langu. Jirani yetu Jawaher akaingia, akauliza, "Barafu gani?"

Mwanamume mzima akaamua kuzijaribu! Akakwangua theluji ya friza, laini kama unga: mbao zikaelea raha mustarehe. Akamwaga barafu ngumu ya samaki: zikamtupa ubavu. Mwisho akaponda barafu zangu tamu za kuuza, zikawa rojo: akateleza vizuri mpaka mlangoni, akabwagika.

"Ngumu hapana, rojo sawa!" akamtangazia Jawaher.

"Miye nliuliza ya ubuyu au ya embe."

Ya ubuyu ilikuwa kwenye kanzu ya Sleyum. Ya embe, masikioni.