Siku Niliyosema Tafadhali

Iko siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na laiti ingenitoka ningepumzika. Ilikuwa asubuhi, hapa hapa Maskati, nina miaka ishirini na mbili, nimesimama katikati ya ukumbi wa nyumba ya kukodi uliojaa taa kubwa na nyaya, nikimlilia mume ambaye si mume wangu. Ngoja kwanza nikae vizuri, maana magoti haya siku hizi hayataki mazungumzo marefu.

Tulikuwa na miaka minne tangu tuhamie kutoka Unguja. Televisheni ilikuwa jambo jipya hapa Omani, na waliokuwa wakitengeneza michezo yake walitafuta wasichana wa kuigiza wasiwapate, kwani wazazi wengi hawakutaka binti zao waonekane na watu. Baba yangu alikubali baada ya kusumbuliwa mwezi mzima na mama mkubwa, Bi Nasra, dada yake mama. Bi Nasra ndiye aliyekuwa mwenye kauli nyumbani kwetu. Na aliyemtia wazo hilo kichwani alikuwa mwanamke wa Kimarekani ambaye hata hakujua kama sisi tupo duniani.

Simtaji jina. Sisi tulimwita Bi Shingo, kwa ile shingo yake ndefu, na mpaka leo nikisikia jina lake la kweli huchelewa kufahamu anasemwa nani. Mama mkubwa alimwona mara ya kwanza Unguja, senema, katika onyesho la mchana la wanawake, mabuibui yamejaa mpaka viti vya nyuma. Katika picha ile Bi Shingo alifungua mlango, akapokea kofia ya mgeni, akaondoka. Basi. Mama mkubwa alikuwa hajui Kiingereza hata neno, lakini alitoka pale akisema yule mpokea kofia atakuja kuwa mtu. Wenziwe wakamcheka. Picha iliyofuata akamkuta ana maneno matatu. Kufika wakati tunahama, uso wa Bi Shingo ulikuwa umechorwa ukuta mzima nje ya senema, na mama mkubwa alikuwa akipita hapo polepole ili kila mtu akumbuke nani alisema.

Basi na yeye akataka wa kwake aanzie mlangoni. Mimi nilikuwa na sauti, nilikuwa na uso, na zaidi ya yote nilikuwa nataka. Hilo nalikiri. Nilitaka kuonekana, nikajifanya napelekwa kwa nguvu.

Sehemu niliyopewa ilikuwa ndogo. Mume ameshika sanduku anamwacha mkewe, mke anamshika upindo wa kanzu na kumwambia kwa Kiarabu: nakuomba, usiende. Sentensi moja tu. Niliisema nikikosha vyombo, niliisema nikikunja nguo, mpaka wadogo zangu waliijua. Lakini Kiarabu changu kilikuwa cha mtu aliyekulia Unguja. Madrasa nilisoma, kuzungumza nilikuwa bado najifunza.

Wakawasha zile taa. Mume wangu wa mchezo alikuwa bwana mwenye masharubu makubwa, anayeheshimiwa na wote pale, na akaanza kwenda mlangoni na sanduku lake kama mtu anayekwenda kweli. Machozi yakanijia yenyewe. Nikamshika kanzu, nikafungua mdomo, na Kiarabu chote kikaruka. Nililokuwa nikilitafuta ni neno la kuombea. Mdomo ukachukua la nyumbani.

Nikalia, "Tafadhali. Tafadhali."

Wewe uliyekulia baina ya lugha mbili ushajua kilichotokea, lakini kwa asiyejua nitaeleza. Kwetu tafadhali ni neno la kumwomba mtu. Kwa Waarabu ni neno la kumkaribisha mwanamke: pita, chukua, endelea. Kwa hiyo nilichomwambia bwana yule na masharubu yake, huku machozi yananitiririka, ni kwamba apite bibi huyu, aende zake, njia nyeupe.

Halafu yule bwana akainama kwa adabu, akanyanyua sanduku, akatoka. Watu wakacheka mpaka mmoja akaangusha taa. Mwongozaji mwenyewe alikuwa akifuta macho, na katikati ya kicheko nilimsikia akisema turudie, turudie, yuko sawa binti huyu. Hayo ya mwisho niliyasikia vizuri kabisa, mwanangu, nikafanya kama sikuyasikia. Nilichukua mtandio wangu, nikatoka, nikaenda kwa miguu mpaka nyumbani jua la saa tano likiwa kichwani.

Siku ya pili gari lao likaja kunichukua. Nikajificha jikoni. Siku ya tatu likaja tena, nikasema naumwa. Siku ya nne dereva akapiga honi mara tatu, na mama mkubwa akanifuata jikoni, akakaa juu ya gunia la mchele, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Wamekucheka muda wa kunywa kahawa," alinambia. "Weye wataka kujificha muda gani?"

Nikamjibu kuwa mie sirudi, wamenifanya mjinga mbele ya wanaume. Nikamwambia na huyo Bi Shingo wake hakuna aliyewahi kumcheka.

"Umejuaje?" akasema. "Sisi hutuletea picha iliyobakishwa tu. Iliyotupwa hatuioni. Neno umelikosea, nenda kalirudie. Hapana jengine."

Hakupandisha sauti. Angenipiga kofi ingekuwa nafuu. Mimi nikageuza uso nikaendelea kumenya vitunguu, nikajisingizia kuwa ndivyo vinavyoniliza. Akanyanyuka, akaenda kumwambia dereva kuwa msichana mgonjwa. Gari likaondoka, na halikurudi tena.

Sehemu yangu alipewa mwengine. Nilimwona kwenye televisheni, ameshika upindo wa kanzu ile ile, anasema sentensi yangu. Hakuisema vizuri kuliko mimi. Mimi nikaajiriwa serikalini, nikapiga taipu, halafu nikatunza mafaili, miaka thelathini na kidogo. Kazi ya heshima, siilaumu. Nimeolewa, nimezaa, nimezika mume. Lakini hakuna hata siku moja niliyokunja faili nikasema hiki ndicho nilichokuwa nikikitaka.

Mama mkubwa hakunikumbusha tena. Kanda za video zilipoingia madukani, kila picha ya Bi Shingo aliitafuta, na kila akiipata alikuwa akiniita nikae naye nimfasirie, kwa sababu Kiingereza nilikisoma skuli. Nikakaa naye miaka. Tulimwona Bi Shingo bibi harusi, tukamwona mwanasheria, tukamwona mama wa bibi harusi. Tulimwona kapewa tuzo kubwa ya kwao, kashika kile kisanamu, na mama mkubwa akasema yule mpokea kofia, kama kwamba ndiyo kwanza ananambia. Ikafika miaka picha zikawa hazimpi tena mapenzi, zinampa mtawa, jirani, mgonjwa. Akazichukua hizo vile vile. Mama mkubwa akafa, Mungu amrehemu, na yule mwanamke bado yumo tu anafanya kazi. Juzi juzi nimemwona kazeeka kuliko mimi, amelala kitandani picha nzima, anazungumza maneno ya kuhesabu, na mimi nimekaa nalia peke yangu kwenye kochi.

Sasa sikia. Nyumbani kwangu, hapa Wattaya nyuma ya maduka ya magari, naishi na mjukuu wangu Asma. Siku moja baada ya chakula cha mchana alinitafutia kwenye simu yake ile picha ya pili ya Bi Shingo, ya maneno matatu. Nilikuwa sijaiona tangu Unguja, utoto wangu. Asma amesoma Kiingereza kuliko sote. Akasikiliza, akacheka.

"Bibi, huyu anasema kishamba," akanambia. "Wenziwe hapo lazima walimcheka sana."

Nikamwambia airudie. Akairudia mara tatu. Halafu nikamwambia anitafutie ya tuzo, na ile ya mwanasheria, na hii ya juzi ya kitandani, na kila moja nikamuuliza, bado anasema kishamba? Akanijibu bado, kidogo, ndiyo maana watu wanampenda. Nikainuka nikaenda kuosha uso, nikachelewa huko msalani mpaka Asma akaja kugonga. Nilikuwa na miaka sabini na moja siku hiyo. Niliona uchungu, mwanangu, siwezi kukuficha. Shingo na macho nilikuwa nimevitazama umri mzima. Ulimi sikuusikia.

Na haikupita mwaka, Asma naye akapata sehemu katika mchezo wa televisheni. Ndogo pia. Wanapigia picha mji wa Qurayyat, na gari linamfuata mlangoni baada ya alfajiri. Wiki iliyopita alitakiwa alie, ameambiwa ndugu yake amekufa. Kiarabu cha Asma hakina kasoro, amezaliwa hapa. Lakini kilio hujifunzi skuli, kilio unakipata nyumbani, na nyumbani kwetu aliyemfundisha kulia ni mimi. Akaangua kilio, "Mama weee!" kwa Kiswahili kabisa, mikono kichwani, kama tunavyolia sisi. Wakacheka wote. Mmoja alikuwa ameshika simu, na jioni ile kile kipande kikawa kinatembea kwenye simu za Maskati nzima, na maneno chini yake ya kutudhihaki sisi tuliotoka Unguja.

Juzi gari limekuja, hakutoka. Jana limekuja, akasema anaumwa.

Leo nimesikia honi nikiwa bado juu ya mswala. Nimekwenda mpaka mlango wa chumba chake, nikakaa chini kwenye kizingiti, ingawa kukaa chini kwangu sasa ni safari, na kwa mara ya kwanza nikamhadithia haya niliyokuhadithia wewe. Yule bwana na masharubu yake, vitunguu, dereva. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata babu yake. Huko nje honi ikapigwa mara ya pili.

Mlango ukafunguka. Macho yamemvimba, lakini abaya kaivaa.

"Bibi, wakinicheka tena?"

"Watakucheka," nikamwambia. "Mie nimechoka kusema uongo."

Akanitazama pale chini, hakujua anisaidie kuinuka au apite. Basi nikamwoneshea mlango wa nje kwa mkono, nikamwambia, "Tafadhali."

Akasimama. Nikaona mdomo unacheza.

"Hiyo ya Kiarabu au ya Kiswahili?"

"Zote mbili," nikamwambia.

Aliniruka pale kwenye kizingiti, akatoka. Nimelisikia gari likikata kona kwenye maduka, na kuinuka nimeinuka mwenyewe, kwa kushika ukuta.

Mwanangu, sina nguvu ya kukupa nasaha nyingi, na nyingi ungezisahau. Ukikosea neno mbele ya watu, lirudie pale pale, huku wanacheka. Usende nyumbani nalo. Ukienda nalo nyumbani litakaa na wewe, litakula na wewe, litazeeka na wewe. Na ulimi uliotoka nao kwenu usiuonee haya, kwa sababu huenda ndicho kitu watakachokuja kukupendea, nawe hujui. Mama mkubwa alinambia haya mapema, akiwa juu ya gunia la mchele, nami nikamgeuzia uso. Wewe usinigeuzie.

Mungu akupe umri mrefu na moyo wa kurudia. Akupe watu watakaokucheka na kukungoja pia. Na gari likija kukuchukua, likukute mlangoni. Amin.