Kitanda cha Mkwe Ndani ya Lori

Baba yangu alikuwa dereva wa malori ya kwenda Zambia. Zamani aliendesha magari ya shirika la umma. Shirika lilipokufa, katika miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa watu binafsi, akapata kazi kwa tajiri mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa na malori yake mwenyewe. Sisi tulikaa Kihonda. Kila alipopita Morogoro aliegesha Msamvu, akaja nyumbani kuoga na kula, kisha akaendelea na safari.

Siku moja alikuja amekunja uso. Tajiri alikuwa amewakusanya madereva wake akawasomea kanuni mpya za magari ya mizigo yanayovuka mpaka. Mzigo ufungwe lakiri, gari lisisimame ovyo njiani, na asionekane mtu ndani isipokuwa dereva na utingo wake. Atakayekamatwa na abiria atanyang'anywa kibali cha kuvuka mpaka, na tajiri naye hatamtaka tena.

"Lifti zimekwisha," alimwambia mama. "Hata kwa ndugu."

Mama alicheka. Matangazo ya namna hiyo alikuwa ameyasikia mengi.

Haukupita muda tukapata msiba. Mdogo wake bibi, mzaa mama, alifariki Mikumi, na maziko yalikuwa alasiri ya siku ile ile. Bibi aliteremka kutoka kwake Kinole, mlimani, alfajiri, akafika kwetu vumbi limempanda hadi magotini. Mama alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo mimi, msichana wa miaka kumi na minne, ndiye niliyetakiwa kumsindikiza. Tulikwenda stendi tukarudi. Mabasi yote ya njia ya Iringa yalipita yamejaa. Tukamkuta baba nyumbani, anafunga kamba za viatu.

"Mama yangu akose kumzika mdogo wake," mama alimwambia, "na gari lako linapita pale pale?"

Baba alimaliza kufunga kamba za kiatu cha pili. Mwisho akasema, "Wakae nyuma ya pazia. Wasitoe sauti."

Nyuma ya pazia, ndani ya lori, palikuwa na kitanda chake. Hapo lazima nieleze kwamba bibi na baba walikuwa wakwe wa kweli, wa Uluguru. Baba hakula mbele yake hata siku moja. Alimwamkia akiwa ameinama, na bibi aliitikia akiangalia pembeni. Sasa bibi alisimama kwenye mlango wa lori, ameshika chuma, hapandi.

"Mjukuu wangu, si ndipo anapolala mkwe hapa?"

"Ndipo, bibi."

Alivua khanga yake ya juu, akaitandika juu ya godoro, ndipo akakaa ukingoni kabisa, kama aliyekalia kitu cha moto. Hakuegemea popote njia nzima.

Tulipokaribia Doma gari likapunguza mwendo. Nikasikia sauti ya mtu akiomba karatasi, halafu mlango ukafunguliwa na pazia likavutwa. Mkaguzi alikuwa kijana, jasho linamtoka.

"Hawa ni nani, dereva?"

Nilimwona baba kisogoni. Hakugeuka kutuangalia.

"Siwafahamu, afande. Nilishuka kula Msamvu. Labda waliingia wakati huo."

Utingo aligeuka akaangalia mbuga. Mkaguzi akamwinamia bibi.

"Bibi, unamjua huyu dereva?"

Nilifungua mdomo. Bibi akanibana goti kwa vidole vyake vigumu.

"Simjui, mwanangu. Tuliingia wenyewe. Nina msiba."

"Mtu mzima kama wewe! Ndio ninyi mnaoiba mizigo ya watu. Shukeni!"

Nyuma yetu basi lilikuwa limesimamishwa, na abiria walikuwa wamejazana madirishani. Mwanamke mmoja alisonya. Mwingine akasema, "Na kabinti kake anakafundisha." Bibi hakufanya haraka. Aliikung'uta khanga yake, akaikunja, ndipo akaanza kuteremka, mguu unatafuta ngazi hauioni. Utingo ndiye aliyempokea. Baba alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili, na aliporuhusiwa akaondoka. Nilitamani lori lile lisiwe na mtu ninayemjua ndani yake.

Tulikaa kando ya barabara mpaka yule mkaguzi alipotuonea huruma akatuombea nafasi kwenye basi jingine. Tulifika Mikumi watu wanarudi kutoka makaburini.

"Basi liliharibika," bibi aliwaambia wafiwa.

Wakanigeukia mimi. "Liliharibika," nikasema.

Baba aliporudi kutoka Zambia alimsimulia mama yote mwenyewe. Kibali alikuwa nacho bado, na kazi pia. Mama hakupiga kelele. Alimwekea chakula, akabeba mtoto, akaenda kukaa kwa jirani.

Wiki iliyofuata baba alipanda Kinole pamoja na kaka yake, kwa kuwa yeye mwenyewe hangeweza kumsemesha mkwewe jambo kama lile. Nilifuatana nao. Bibi alikaa ndani, mlango wazi, wao wakakaa uani kwenye kigoda na gogo. Baba mkubwa alizungumza kwa niaba yake, akaomba radhi. Baba aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, na majirani waliokuwa wakipita na mikungu ya ndizi walimwona.

"Mkwe wangu alikuwa kazini," bibi alijibu kutoka ndani. "Ana watoto wa kulisha. Mimi sina neno."

Akaagiza tupewe mananasi.

Tulipokuwa tunateremka, baba mkubwa alitangulia. Penye kijito baba alisimama akanisubiri, tenga la mananasi begani.

"Mwanangu," alisema, "siku ile..."

Midomo ikamtetemeka. Sikuwahi kumwona hivyo, na sikutaka kumwona. Nilikuwa na aibu yangu, na yake sikuweza kuibeba.

"Twende, baba," nikamwambia. "Gari litatuacha."

Akashusha macho kama alivyozoea kuyashusha mbele ya bibi, akanipisha nipite kwanza.