Tulimpa Mama Neema cheo cha mlezi, tukampoteza yeye na kikundi

Wakuu, salaam kutoka Minnesota.

Nitaandika kama ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga. Ni pengi.

Kazi yangu ni kununua magari mabovu na kuyauza yakiwa na nafuu. Nimezoea kupatanisha bei, kwa hiyo watu wakitaka kukubaliana jambo, huniita mimi nisimamie.

Mama Neema ni mkimbizi kutoka Kongo mashariki, anakaa mji mdogo wa New Hope. Alianza na akina mama wanne kwenye community room ya apartment zao, Jumamosi mchana, nyimbo na ngoma za kwao. Wakaja Wakenya, tukaja Watanzania. Watoto wetu wanaotujibu Kiingereza nyumbani, pale waliimba Kiswahili bila kulazimishwa.

Siku moja nilihesabu vichwa thelathini na nne. Nikarudia, maana watoto hawatulii. Thelathini na nne.

Tukashauriwa tujisajili kama non-profit ili tuweze kuomba ruzuku. Hapo inatakiwa bodi na katiba. Tukakutana kwangu, mji jirani wa Crystal, kugawana viti saba.

Dada mmoja nesi, Mkenya, akaanza: "Boss, hatuwezi kuwa wengi hivi tupewe kiti kimoja. Tupatie viwili tuelewane."

"Dada, chukua kimoja na nusu."

"Hiyo nusu atakalia nani?"

Akapata viwili. Watanzania viwili, kimoja changu. Viwili vikaenda kwa Wakongo wanaojua Kiingereza, kijana mhasibu na mchungaji. Kikabaki kimoja, na watu wawili: Mama Neema, au mama mmoja Mmarekani anayejua kuandika maombi ya ruzuku.

Hapo nikajiona fundi. Nikasema, kiti achukue Mmarekani, Mama Neema awe mlezi wa kikundi.

Mnajua mlezi kwetu ni mtu wa namna gani. Anakaa mbele, anatambulishwa wa kwanza, anavishwa kitenge. Watu wakapiga makofi. Mama mwenyewe akatabasamu. Hakuna aliyemuuliza anataka nini, na mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote.

Kwenye katiba nikaandika kwa mkono wangu: mlezi atahudhuria vikao akialikwa, na hatapiga kura.

Hatukumwalika hata mara moja. Vikao vilikuwa kwa Kiingereza, tukasema tusimsumbue.

(Nilipoandika "tusimsumbue" nimesimama kidogo. Tuendelee.)

Baridi ilipoingia, bodi ikajadili kuhamia studio ya katikati ya Minneapolis. Vioo ukuta mzima, sakafu ya mbao. Ila Jumamosi pamejaa, nafasi ipo Jumanne jioni. Wengi kwenye bodi wana shift za wikendi, Jumanne ikawafaa. Kura tano kwa mbili. Mimi nilikuwa kwenye tano.

Taarifa tukaituma WhatsApp.

Akina mama wale hawa-drive. Kutoka New Hope ni mabasi mawili, na Jumanne jioni wengi wako kazini. Mtu yeyote wa apartment zile angetuambia kwa dakika moja, kama angekuwemo kikaoni.

Wiki ya kwanza walikuja kumi na tisa. Mwezi ulipoisha walikuwa tisa, na sita ni watoto wa wanabodi.

Fomu ya ruzuku ilipofika, ikauliza: ni nani katika jamii yenu anafanya maamuzi? Tulikuwa tunaijaza pamoja kwenye Zoom. Yule Mmarekani akauliza: "Mama Neema yuko wapi?"

Nikaenda New Hope. Mama akanikaribisha, akanipa chakula kabla sijasema kilichonileta. Nikaomba msamaha, nikamwambia nampa kiti changu.

Akacheka kidogo. "Papa Salma, mulinikalisha kwa kiti ya mbele. Kule mbele hakuna mutu anaulizaka mutu kitu."

"Mama, hiki kina kura."

"Nitapiga kura na nani? Bamama babili bamehamia mbali, Inver Grove Heights. Bengine banaogopa kuniuliza, banafikiri ni miye nilibafukuza."

Hilo sikuwa nalijua. Walidhani mlezi ndiye aliyeamua.

"Murudishe samedi kwanza," akasema, yaani Jumamosi. "Kiti tutaongea nyuma."

Nikapita ofisini kwa meneja wa apartment. Jumamosi mchana room imeshachukuliwa na darasa la mazoezi. Nikajaribu kubembeleza. Nilichopata ni Jumamosi asubuhi, nikasaini palepale.

Nilichojifunza: heshima tunazopeana kwetu, ukiziandika kwenye katiba ya huku, zinaweza kumtoa mtu nje ya mlango wake mwenyewe. Muulizeni mwenye kikundi kabla ya kumpamba.

Nimeitisha kikao cha kurudi New Hope na kufuta ule mstari nilioandika. Kubadili katiba kunahitaji kura tano. Ninazo nne, na wa tano anapenda sana vile vioo.

Waliowahi kuendesha vikundi, nisaidieni: huyu ninamwendeaje? Matusi pia yaleteni, ila yangu tu. Mama msimguse.