Kilio cha Aliye Hai

"Weye njo ulitoa ile foto!" Ngalula alifoka, kidole kikikaribia pua ya Jeanne. "Ndugu yangu iko mugonjwa mu nyumba, weye unamutundika inje kama maiti!"

"Yaya, nilitoa foto ya muntu muzima."

"Muzima iko wapi sasa? Munionyeshe!"

Jeanne hakuwa na cha kumwonyesha wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Asubuhi mumewe Lucien alikuwa hapa uani. Sasa jua lilikuwa linainama juu ya mabati ya Katuba, na vijana wa parokia waliokwenda kumtafuta upande wa reli walikuwa hawajarudi. Viti vyeupe vya plastiki vilibaki vitupu. Mama Mwaba, muuza makaa, alikaa pembeni akiukumbatia mfuko wa makaa aliokuja nao, hajui auache au aurudishe kwake.

Lucien huyu zamani alikuwa mtu wa kelele. Akicheka Katuba, watu wa Kamalondo wanafunga madirisha. Kuna mama mmoja anaapa kwamba kicheko chake kiliivisha sufuria nzima ya maharagwe. Kisha udongo ukamfunika mwenzake Aimé mbele ya macho yake, katika shimo walilokuwa wanachimba shaba, na kicheko kikakatika hapohapo. Lucien akalala akitazama ukuta. Bukari, ugali wake, ikawa inakauka kwenye sahani. Ngalula alisema ni bulozi, amerogwa, apelekwe chumba cha maombi akafunge kula. Jeanne akakataa: mtu aliyebaki mifupa atafunga nini tena?

Ndipo wakaja vijana wa parokia. Walitaka siku moja ya kuongea magonjwa ya akili mtaani, wazi, ili watu waache kuficha wagonjwa vyumbani. Muuguzi angekuja kufundisha. Waliomba uwanja wa nyumba yao, na picha ya mtu anayepambana. Jeanne alimuuliza mwenyewe. Lucien akautazama ukuta, halafu akasema, "Bapatie." Neno moja, lakini Jeanne alilibeba siku nzima kama yai. Akatoa picha ya ndoa yao, wakaukuza uso wa Lucien peke yake, wakautundika juu ya mlango.

Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya ulikuwa kwenye kona ya barabara. Viti viliujaza uwanja vikamwagikia barabarani, vijana wakaogopa magari. Na dereva wa Lubumbashi hapunguzi mwendo kwa polisi, wala kwa treni. Hata malaika Gabrieli akinyoosha mkono, atapigiwa honi. Anaheshimu matawi tu. Basi wakakata matawi ya mti wa avoka, wakayalaza barabarani.

Na nani asiyejua maana ya matawi barabarani? Huko ndani kuna kilio, mtu amekufa. Matawi, viti vyeupe, picha kubwa juu ya mlango: nani angeuliza tena?

Mama Mwaba alikuwa wa kwanza. Alifungua kitambaa cha kichwa, akajitupa chini. "Lucien, unatuachia nani!" Sauti hiyo, wanasema, ilifika Mokambo, na malori ya mpakani yakazima injini kwa heshima. Nyuma yake wakaingia wanawake wengine na unga na makaa, kama desturi inavyotaka.

Hapo Lucien akatoka. Siku hiyo alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa viatu, maana Jeanne alimsihi akae tu kwenye kiti, asiseme kitu. Alisimama chini ya picha yake akisikiliza anavyoliliwa. Mama Mwaba alipoinua macho, alirudi nyuma kwa magoti.

"Kumbe ni mimi," Lucien alisema taratibu. "Sasa minabakia kufanya nini hapa?"

Akapita katikati ya viti, akaenda zake.

Jeanne alikimbia nyuma yake. Lakini wanawake wa nyuma hawakuwa wameona kitu. Walimdaka, wakamkumbatia, wakamkalisha chini, kama mjane anavyoshikwa asijiumize. "Tulia, mama, lia tu!" Alipiga kelele kwamba mumewe ni mzima, nao wakamkaza zaidi. Walipomwachia, barabara ilikuwa tupu.

"Ungemupeleka ku maombi," Ngalula alisema sasa.

"Yaya, weye ulikuja kumuona lini? Ulisimama ku mulango, ukamuombea ku inje. Uliogopa ataambukiza weye?"

Ngalula alikishusha kidole. Aliketi kwenye kiti cha karibu, na hasira ikamtoka usoni.

"Niliogopa macho yake," alisema. "Yalikuwa kama ya papa yetu, baba mwenye alituzaa, mwaka ule wa mwisho, mpaka siku alitoka na hakurudi. Na juu ya papa, siye wote tulinyamaza, Jeanne. Sasa minaenda kuambia mama nini? Kama huyu naye harudi, mi nita—"

Mlango wa bati wa uani ulilia. Lucien aliingia, viatu vyekundu kwa udongo, akiburuta nyuma yake matawi yote ya kilio yaliyokuwa kwenye kona.