Utosi wa Hamo

Asubuhi ya kesi, Godeleva alimnyoa mumewe, Hamo, utosi ndani ya mahabusu. Ujanani Hamo alipewa daraja dogo la utumishi kanisani, akanyolewa utosi kama makarani wote wa kanisa. Kisha akaoa, akawa mwezekaji wa mapaa, nywele zikaota. Sasa alishtakiwa kuua mtu kwenye ugomvi wa pombe. Mfalme na askofu waligombania nani amhukumu nani. Mahakama ya mfalme ingemnyonga. Ya askofu haimnyongi mtu wa kanisa, humfunga tu; na alama ya mtu huyo ni utosi ulionyolewa.

"Mungu wangu!" Godeleva alinong'ona. "Utosi mweupe kama jibini, uso umeiva kwa jua. Watajua ni wa leo."

"Nipake chochote, mke wangu. Kichwa nakihitaji."

Akampaka maji ya maganda ya jozi, yale ya kutilia sufu rangi.

Barazani, ofisa wa mfalme alicheka. "Padri gani huyu ana manyasi masikioni? Hebu niuguse huo utosi."

Lakini karani wa askofu, aliyetumwa kudai kila mtu wa kanisa, aliwahi, akamfunika Hamo kichwa kwa kiganja.

"Toa mkono, bwana. Huyu ni wetu."

"Tangu lini?"

"Kamuulize askofu, kama unathubutu."

Kiganja kilipoinuka kilikuwa cha kahawia. Karani alikitazama, akakificha ndani ya joho, akaamuru Hamo apelekwe gereza la askofu.

Godeleva aliwafuata mbio, akiomba mfalme na askofu wasije wakapatana kabla kesi haijaisha.