Kamera ya Baba na Pacha Asiyekuwepo

Uvumilivu wangu uliisha pale shangazi wa mume wangu alipopiga magoti chumbani kwangu, akainua shuka na kuchungulia chini ya kitanda. Alikuwa anamtafuta mwanangu wa pili. Sina mtoto wa pili. Nilikuwa na mmoja tu, wa miezi minane, na saa hiyo alikuwa sebuleni anatafuna kifuniko cha chupa ya chai.

"Shangazi, hapo kuna ndoo na viatu," nikamwambia.

"Naviona," akasema, na bado akaivuta ndoo pembeni.

Walikuja wawili, shangazi mkubwa na shangazi mdogo, kutoka Munanila hadi kwetu Kibondo, na kila kitu walikibeba viwili viwili. Vikapu viwili vya maharage, kanga mbili za kubebea, nyuzi mbili za shanga. Walinisalimu "mwakeye" vizuri tu, halafu wakatazama mgongoni kwangu, halafu mlangoni, kama vile kuna mtu anakuja nyuma na mwenzake.

Kisa ni picha moja. Niseme ukweli, kisa ni mume wangu, lakini tuanze na picha.

Marehemu baba yangu alikuwa mpiga picha wa kuzunguka na baiskeli. Aliniachia kamera yake, kitu kidogo cha chuma kinachoenea kiganjani na kina uzito wa jiwe la kusagia. Kamera za wenzake, mkanda wa picha thelathini na sita ulitoa thelathini na sita. Ya baba ilitoa sabini na mbili, kwa sababu kila picha inakaa kwenye nusu ya nafasi. Betri haijui. Kuzunguka lenzi kuna kioo cha vinundu vinundu kama jicho la nzi, ndicho kinachopima mwanga. Mwanga ukiwa hautoshi, kiulimi chekundu kinachomoza kwenye kitundu cha kuchungulia na kitufe kinagoma. Bonyeza mpaka kidole kiume, haipigi. Na ukiishika kama watu wanavyoshika kamera, picha inatoka imesimama. Ukitaka ya kulala, ni lazima uisimamishe kamera yenyewe. Baba alisema inamfundisha mtu adabu. Mimi ilinifundisha matusi.

Picha sabini na mbili ni mzigo kwa mtu anayempiga picha mtoto mmoja. Mkanda nilioweka nikiwa na mimba ya miezi saba uliisha mtoto ameanza kukaa, mwaka 2014, na wakati wote huo hakuna aliyejua ndani kuna nini. Picha mbili za mwisho nilizipiga siku moja. Nilimweka mtoto kwenye mkeka mbele ya mlango wa jikoni, nje jua kali, nyuma yake giza tupu. Nikampiga picha akiwa na sweta ya njano. Kabla sijazungusha kigurudumu cha kusogeza mkanda, akakojoa. Nikambadilisha, nikamvika fulana nyeupe na kofia, nikamrudisha palepale, nikazungusha, nikapiga tena.

Baba alikuwa na fundi wake Kigoma aliyeijua kamera hiyo, akimtolea picha moja moja. Fundi naye amekufa. Mimi nikampa mume wangu mkanda, maana alikuwa anakwenda semina ya walimu Kasulu, na huko kulikuwa na studio bado inasafisha mikanda. Nikamwambia, waambie ni nusu nusu. Nikarudia. Akasema, "Nimekusikia, mama." Hakusema kitu studio. Mashine ikazisoma nusu mbili kama picha moja, ikazitoa mbili mbili kwenye kila karatasi. Katikati kuna mstari mwembamba mweusi, lakini na mlango wangu ni mweusi. Mkeka ukaungana na mkeka. Ukiitazama karatasi ile unaona watoto wawili wamekaa bega kwa bega, mmoja wa sweta, mmoja wa kofia, sura moja.

Na hiyo ndiyo aliyoichukua mume wangu, maana ilikuwa ya juu kabisa, bila kuitazama, akampa mtu wa kwao aliyekuwa semina ampelekee mama yake, ambaye hajawahi kumwona mjukuu.

Simu ilikuja baada ya siku tatu. "Mkamwana," mama mkwe akasema, "mbona mlituambia mtoto mmoja?"

Kwao mapacha si watoto wawili tu. Wanawaita mahasa, wana ngoma yao, wana majina yao ambayo mzazi hachagui, na wazazi hawatulii mpaka wafanyiwe sherehe hiyo. Kuwaficha ni kuuletea ukoo wote maradhi. Nikaeleza habari ya kamera. Nikaeleza mara ya pili. Mama mkwe akanisikiliza kwa upole, akasema, "Kama mwenzake amekufa, sema. Naye ana sherehe yake." Mume wangu nilipompa simu aongee, alisema, "Mama, tutaongea," akakata. Akaniambia atasahau.

Hakusahau. Alituma mashangazi.

Baada ya kitanda niliwaletea kadi ya kliniki. Shangazi mdogo akaigeuza. "Na ya yule mwingine umeiweka wapi?" Nikawaletea negativu, nikaziinua dirishani. Nazo zikaonyesha watoto wawili, tena weusi tii wenye macho meupe, wakazidi kuogopa. Nikawaonyesha kamera yenyewe. Shangazi mkubwa akachungulia upande usio wake.

"Sikiliza, mkamwana," akasema, na sasa hakuwa na hasira, hilo ndilo lililoniuma. "Sisi hatukuchukii. Aliyetengeneza karatasi hii ya picha aseme mwenyewe, aandike, agonge muhuri. Akishindwa, utarudi kwa mama yako mpaka utakapokumbuka mwingine yuko wapi. Na huyu tutamchukua sisi."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anapuliza chai.

Kesho yake nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda Kasulu. Sikuhitaji kuuliza studio iko wapi. Mwanangu alikuwa kwenye kioo cha mbele, amekuzwa ukubwa wa gazeti, mara mbili, na chini yake karatasi ya mkono: TUNAPIGA PICHA ZA MAPACHA.

"Hii picha ni yangu," nikamwambia aliyekuwa kaunta.

"Hongera, dada. Watoto wazuri. Inatuletea wateja."

Nikageuka nimwonyeshe mgongo. "Hesabu."

Akatazama mgongoni, akatazama kioo, akacheka. "Kumbe. Basi kamera yako mbovu hiyo. Kamera nzima haitoi nusu."

"Imetengenezwa hivyo. Nataka uitoe hapo, halafu uandike kwamba mashine yako iliunganisha picha mbili za mtoto mmoja. Ugonge muhuri."

"Barua ya nini tena? Chukua mkasi, kata katikati, kazi kwisha."

"Wakwe zangu wanataka kunirudisha kwetu kwa sababu ya karatasi hii."

"Ah, dada, hayo ya ndoa yapeleke kwa wachungaji. Hapa ni studio."

Mama mmoja aliyekuwa anasubiri picha za pasipoti akaingilia, "Lakini si mtoto mmoja kweli? Mwandikie tu." Yule kaka akamwambia akae atengeneze kola, na picha akaiacha palepale kiooni.

Nilikwenda ofisi ya mtendaji wa kata, nikaomba karatasi ya mistari. Mtendaji, mgeni wa mkoa mwingine, aliniuliza taratibu kama ninashitaki studio, wakwe au mume. Nikamwambia wote wangeenea, lakini muhuri uko studio. Nikaandika hivi, mtoto akivuta kalamu:

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA STUDIO YA PICHA KUTANGAZA MAPACHA WASIOKUWEPO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja. Studio iliyo katika kata yako ilisafisha mkanda wangu, ikatoa picha mbili za mtoto huyo kwenye karatasi moja. Silalamikii hilo, kwa kuwa mume wangu hakuwaeleza. Ninalalamika kwamba wameitundika picha hiyo kioo cha mbele bila ruhusa yangu, wameandika ni mapacha, na nilipowaonyesha mtoto wamekataa kuiondoa na kukataa kuandika ukweli. Kwa sababu hiyo ninaweza kunyang'anywa mtoto na kutolewa nyumbani kwangu.

Ninaomba picha ishushwe leo. Ninaomba waandike barua kwamba mtoto ni mmoja, waigonge muhuri, na ofisi yako nayo igonge wa kwake, kwani mashangazi wa mume wangu wanaweza kusema mmoja hautoshi.

Nimeambatanisha kadi ya kliniki, moja, na negativu. Kamera ninayo mkobani. Mtoto ninaye mgongoni na yuko tayari kuhesabiwa.