Kurasa Zinazohama

Kwa miaka ishirini na sita Driciru alikuwa mkunga wa zahanati moja ya Ludara, na kitabu chake cha ukunga alikijua kwa kidole gumba. Mtoto anayetanguliza makalio alikuwa kwenye kurasa zilizovimba kwa mvua. Kondo la nyuma linalogoma kutoka lilikuwa pale penye doa la chai. Namba hakuziangalia.

Alipostaafu akahamia Awindiri, mjini Arua, mchwa wakakila kitabu ndani ya sanduku.

Poni, mkunga kutoka Sudan Kusini ambaye Driciru alimfundisha kazi na kumwachia nafasi yake, akamwekea kitabu kilekile kwenye simu. Driciru alishukuru, lakini alipobaki peke yake alisukuma kurasa moja moja mpaka macho yakamchoka. Kuuliza aliona haya.

Siku moja Poni alipiga simu kutoka Ludara akitaka ushauri. Driciru akamwambia afungue ukurasa wa mia mbili na kumi, namba aliyoiona kwenye simu yake. Poni akakuta habari za chanjo. Driciru akarudia namba, kwa ukali kidogo. Alidhani uzee umemfikia kichwani.

Jumamosi Poni akaja, akaweka simu zote mbili mezani.

"Mama, wewe umekuza maandishi," akasema. "Ukikuza, kurasa inaongezeka. Namba yako na yangu haiwezi kuwa moja. Tutumie jina ya sura."

Akamwonyesha orodha ya yaliyomo, kwamba ukigusa jina la sura unafika. Akamwonyesha pia mahali pa kuandika neno ili simu ilitafute. Driciru akaandika neno "kondo". Yakatokea majibu thelathini na moja. Akayapitia taratibu, akasimama kwenye jibu moja.

"Kwa kitabu ya zamani, hapa pembeni niliandika mama ya Asiku," akasema. "Alifika na baiskeli, damu inatoka."

Poni akauliza kama mama huyo alipona.

"Alipona. Mpaka leo iko Koboko, anauza muhogo."

Poni akambonyezea mstari ule, kikafunguka kisanduku cha kuandikia. Driciru akaandika jina la mama yule na mwaka. Wiki nzima iliyofuata aliandika wengine, kila mmoja kwenye sura yake. Alikumbuka kumi na tisa. Majina ya waliobaki hayakumrudia kichwani, na jambo hilo lilimuuma.

Siku hizi Poni akipiga simu, Driciru humtajia sura, halafu humsimulia mama mmoja aliyejifungua salama Ludara zamani. Poni husikiliza mpaka mwisho.